Pakiti ya Maziwa Haikunikinga

Mpendwa Shangazi, naomba msaada ila huruma sitaki, maana mimi ndio Fundi Kioo, gari nikilipiga rangi unaweza kunyolea ndevu mlangoni, shule niliishia darasa la saba lakini wenye digrii wananipangia foleni. Mwaka wa kumi huu niko chumba cha kupulizia rangi na barakoa sijawahi kuvaa, kwa sababu mimi rangi nachanganya kwa pua, nikinusa tu najua thina ya kuzimulia rangi imezidi, na wenzangu wanaojifunga uso nawaita madaktari wa meno. Jioni nanawa mikono kwa thina hiyohiyo, halafu napiga pakiti moja ya maziwa kusafisha kifua, ndivyo alivyonifundisha fundi wangu, na kifua kizima, njoo tushindane mbio.

Sasa mke wangu, fundi cherehani, mzuri kuliko kazi zangu zote, tuna mwaka wa tatu hatuna mtoto, amepimwa mara mbili yuko sawa, lakini mama yangu kila akija anamwambia, "Mwanangu dume, mwenye kasoro ni wewe," na mimi naendelea kunywa chai. Mwezi uliopita nikaenda kupima kwa siri, nikijua natoka na cheti cha kutundika ukutani. Yule wa maabara akauliza, "Kaka, kazi yako nini?" Nikamwambia kwa maringo. Akaandika: mbegu chache, na nyingi haziogelei. Shangazi, mbona mambo yangu chumbani ni moto! Karatasi nimeificha kwenye kopo tupu la rangi. Jumapili mama anakuja na wajomba kumrudisha mke wangu kwao. Nikisema ukweli gereji nzima itanicheka. Nifanyeje?

*

Fundi Kioo, umenichekesha, kisha ukaniudhi. Moto wa chumbani ni kitu kimoja, ubora wa mbegu ni kingine. Mvuke wa thina unapita puani na kwenye ngozi mpaka kwenye damu, na unaweza kudhoofisha mbegu. Maziwa yanakwenda tumboni. Huo mvuke hayakutani nao hata njiani. Siapi kwamba rangi ndiyo sababu pekee, daktari wa uzazi ndiye atakayesema, kwa hiyo mwone wiki hii. Ila mwili hutengeneza mbegu mpya kwa karibu miezi mitatu. Gari likiharibika rangi si unakwangua mpaka bati, unaanza upya? Basi anza: barakoa yenye vichujio vya mvuke, si kitambaa, glavu, sabuni badala ya thina, nguo za kazi zilale gereji. Kisha urudi kupima. Wakikucheka, waulize wao wamepima lini.

Lakini kwanza kabisa, leo, toa karatasi kwenye kopo umpe mkeo mkononi, umwombe radhi. Umemwacha abebe kasoro yako huku wewe ukipiga chai, aibu hiyo! Fundi kama wewe hamkabidhi mteja gari lenye kutu iliyofichwa chini ya rangi. Jumapili simama mbele ya mama na wajomba, useme kwa mdomo huohuo wa majigambo: "Mwenye tatizo ni mimi, na nimeanza kulitengeneza." Halafu mimina chai wewe mwenyewe. Kikombe cha kwanza, mpe mkeo.