Mkwe Wako Hakuwa Akikutafuta

Mama,

Mkwe anaumwa. Nilitaka kuanza kwa salamu na dua kama ulivyonifundisha, lakini jambo hili linanisumbua tangu Jumanne.

Unakumbuka siku nilipomleta, kipaka cha mtaani kimelowa theluji? Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Miaka sita Kanada, na mkwe uliyeniletea ndiye huyu?" Jina likamganda. Ukamkemea kutwa, lakini ulipokaa roshani kupepeta mchele alilala miguuni pako. Mara ngapi nilikuambia mchele wa huku hauna mawe! Ukapepeta vivyo hivyo, chenga ukawatupia njiwa.

Ulipotutoka nikaendelea. Kila Jumamosi nilichukua ungo wako, nikakaa kwenye kigoda chako, njiwa wakaja, Mkwe pembeni. Kinyesi chao sikukifagia. Wewe ndiye uliyekuwa ukifagia, na mimi sikuwahi hata kuona.

Baada ya arobaini yako Mkwe akaanza kuzunguka sebuleni, duara lile lile, kichwa kimeinamia upande mmoja. Jirani yetu Bi Zaituni akasema, "Masikini, anamtafuta marehemu." Nikalia. Na sikufichi, Mama, nikafurahi. Kutwa nahudumia wazee wa watu kazini, narudi ghorofa ya kumi na moja, hakuna anayelitaja jina lako. Nikaona angalau nimepata mwenzangu wa msiba. Wiki tatu nilimwacha azunguke. Nilikuwa nikimwambia, "Zunguka baba, hata mimi sijui alikokwenda."

Jumanne akaanguka kutoka juu ya ile televisheni nene ya zamani, pale alipopenda kuota joto. Alipoinuka akaugonga ukuta. Haoni. Daktari wa wanyama alimpima akasema ni kuvu. Inaota kwenye kinyesi cha njiwa, vumbi lake huvutwa puani, na kwa Mkwe imefika ubongoni. Kisha akaniuliza, "Alianza lini?" Ningeanzaje kumwambia kwamba niliuona ugonjwa nikauita huzuni?

Dawa ni kila siku, kwa miezi mingi, na huenda asipone. Kidonge nakificha ndani ya kipande cha samaki. Jana alikitema. Leo amekimeza.

Roshani nimeisafisha, nikaimwagia maji kwanza ili vumbi lisiruke. Ungo nimeuosha nikautundika jikoni. Njiwa bado wanakuja kupanga mstari ukingoni. Siwapi kitu, ila nawaonea huruma, maana na wao walikuzoea.

Jana Bi Zaituni aliniuliza mbona nguo zinanipwaya hivi, na mbona nakohoa. Nikamjibu haraka, "Ni msiba tu." Nilipojisikia nikisema hivyo, nikamtazama Mkwe, nikaogopa.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi Mkwe hatakosa kidonge hata siku moja. Na kukulilia sitaacha, lakini kesho asubuhi nakwenda kupimwa.

Mwanao,
Rukia