Jina Jekundu Kwenye Skrini

Wengi wanaotolewa kwenye kompyuta na kukabidhiwa watu hufanya kosa moja: hudhani wamebadilishiwa mashine tu. Aliyeniandikia wiki hii amelifanya, na sasa linamlemea.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimechoka na sina wa kumwambia, hata mke wangu nimemficha. Mimi ni mkuu wa kitengo cha takwimu, tuko wanane, kila wiki tunapokea fomu za dawa kutoka zahanati zote za wilaya, tunaziingiza kwenye mfumo, na bohari inagawa dawa kwa kufuata namba zetu. Nilipopewa ukuu nilitundika skrini ukutani inayoonyesha kila mtu ameingiza fomu ngapi, wa juu kijani, wa chini nyekundu, na wa chini kila wiki alikuwa mama mmoja mtu mzima tunayemwita Bibi Hakiki, kwa sababu namba ikimtia shaka huacha kila kitu akapiga simu zahanati, na wenzake humtania kwamba hata mumewe alimhakiki kwa simu tatu ndipo akakubali posa, naye huwajibu, "Na mbona hajanitoroka mpaka leo?" Mimi sikucheka, nilimpa barua ya onyo kwenye kikao, mbele ya wote, nikamwambia simu si kazi yake. Akaacha kupiga. Mwezi uliofuata akawa wa tatu, nikampongeza, akasema, "Ulitaka nikimbie, bosi, nimekimbia," nikadhani ni utani.

Kumbe zahanati moja ilikuwa na dozi sitini za dawa ya watoto, fomu ikaandikwa mia sita, yeye akaingiza kama ilivyo, bohari ikaona wana akiba, na kwa wiki tatu wazazi wakarudishwa mlangoni na watoto wao wagonjwa, mmoja bado amelazwa hospitali. Muuguzi mkuu wa pale alikuja mwenyewe, hakufoka, aliuliza tu, "Yule mama aliyekuwa akinipigia, amehama?" Sasa mkurugenzi anataka jina la aliyekosea, mfumo unaonyesha la Bibi Hakiki, naye ameshaleta barua ya kuacha kazi, mwisho wake Ijumaa, nikinyamaza yote yanaondoka naye, nikisema huenda cheo kikaondoka, na mimi kompyuta naziweza, watu ndio wananishinda. Nifanye nini?

Mkuu wa kitengo

Mwanangu,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili nikachoka pamoja nawe, kwani nami niliwahi kuongoza ofisi ya namna hiyo, enzi za majalada, na najua inavyokuwa kubanwa kati ya mkurugenzi na wafanyakazi. Lakini pole yangu isikulevye. Jina analolitaka mkurugenzi unalo, na si la yule mama.

Nikueleze taratibu. Nyuma ya kila fomu kuna mtu aliyeshika kalamu, pengine kazidiwa na foleni ya wagonjwa. Mfumo wako haulijui hilo. Bibi Hakiki alilijua. Zile simu ndizo zilikuwa kazi yenyewe, na kubonyeza vitufe kulikuwa kuandika majibu yake. Wewe ukahesabu kilicho rahisi kuhesabika, ukamwaibisha kwa jambo ambalo ulipaswa kumwomba awafundishe wenzake.

Unasema watu wanakushinda. Usijifiche humo. Katika barua yako nzima sijaona mahali ulipomuuliza anampigia nani na kwa nini. Kuongoza watu hakudai kipaji cha ajabu. Unavuta kiti karibu na meza ya mtu, unanyamaza, unatazama anavyofanya kazi yake. Kunachosha, sikufichi, na hakuna skrini itakayokuonyesha kijani kwa hilo.

Cheo unaweza kukipoteza, siwezi kukuahidi vingine. Ila ukikilinda kwa jina la yule mama, wale sita wanaobaki watajua, na kuanzia siku hiyo kila mmoja atakuletea namba unazopenda kuziona. Watoto wataendelea kurudishwa mlangoni, na wewe utakuwa wa mwisho kupata habari.

Kwa hiyo mwandikie mkurugenzi kwamba agizo la kuacha simu lilikuwa lako. Mama anaweza kukataa kubaki. Ni haki yake, usimbembeleze. Leo, kabla hajazima kompyuta yake, waite wote walioshuhudia lile onyo, ulifute mbele yao, na umwombe radhi.