Kola ya Sentimita Arobaini

4 Machi

Kifungo, mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe. Wewe je? Wagonjwa wa huko wodini wanakupa nafasi ya kula?

Nina habari. Kitabu changu cha kushona shati nimekimaliza! Kurasa sitini na mbili, na patani zote nimezichora kwa ukubwa wake kamili. Mwanafunzi anachapa ukurasa, anakata karatasi, anaiweka juu ya kitambaa, anakata shati. Chuo cha ufundi wanataka kukifundishia muhula ujao, ila niwape faili la PDF kabla ya tarehe thelathini na moja. Wasipolipata watarudia kitabu chao cha zamani, chenye kola zilizopitwa na wakati tangu mimi nina nywele.

Basi nikakaa kwenye kompyuta, pale kando ya cherehani. Nikatazama jina la faili, nikafuta zile herufi za mwisho baada ya nukta, nikaandika "pdf". Kazi imekwisha! Nikatuma, nikajipongeza kwa chai. Jana wamejibu: "Fundi, faili halifunguki." Hata kwangu halifunguki. Nimezima na kuwasha mara nne. Nimekosea wapi, mama?

Baba yako

6 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Mwambie Mama anywe maji ya moto na asiache kukugombeza.

Baba, umebadilisha lebo tu! Ukishona lebo ya "suruali" kwenye shati, mteja ataingiza miguu? Lirudishie jina lake la zamani, litafunguka. Kisha bonyeza "Hifadhi kama", na pale penye aina ya faili chagua PDF. Kompyuta yenyewe italigeuza. Lile la kwanza usilifute. Ukitaka kurekebisha kitu, utarekebishia huko.

Au nitumie mimi nikugeuzie. Ni dakika moja.

Mwanao

11 Machi

Kifungo,

Mbavu zimepoa? Mama yako ameacha kukohoa, na nguvu zote amezihamishia kwangu.

Kukutumia wewe, hapana. Nitasimamaje mbele ya darasa niseme kazi ni yangu, na vifungo nimepeleka kushonewa ng'ambo? Nimefuata maneno yako neno kwa neno, na PDF imetoka, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nikaituma chuoni siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo akili ikanijia kwamba fundi hupima kabla ya kutoa kazi, si baada. Nikachukua tepu, nikaiweka kwenye skrini. Patani ya kola, ambayo ni nusu kwa sababu kitambaa hukunjwa, inatakiwa iwe sentimita ishirini. Nikapata ishirini na sita! Nikagusa kile kigurudumu cha mausi, ikawa hamsini na tano, kola ya ng'ombe. Mama yako akachungulia mlangoni: "Baba Kifungo, unapima shati au unapima kioo?"

Nikaenda duka la kuchapa, nikatoa patani kwenye karatasi, nikamshonea shati kinyozi wa hapo jirani, ambaye shingo yake naijua kuliko anavyoijua yeye. Kufunga kifungo cha juu, macho yakamtoka.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kuku, "hiki kitabu ni cha kushona au cha kunyonga watu?"

Kupima karatasi, kumi na tisa. Kola nzima ni thelathini na nane badala ya arobaini. Na kitabu kiko chuoni tayari! Wakichapa hivyo, watoto wa watu watakata mashati yasiyomwingia mtu, na jina lililo kwenye jalada ni langu. Niwaambie, au ninyamaze nikiomba Mungu awape wateja wembamba?

Baba yako

13 Machi

Shikamoo Baba,

Mpe kinyozi pole yangu. Natumaini amerudiwa na pumzi.

Faili lako halina kosa. Skrini usiipime, hukuza na kupunguza itakavyo. Mashine ya kuchapa huupunguza ukurasa kidogo ili kingo zisikatwe. Kabla ya kuchapa, mahali palipoandikwa "Tosha kwenye ukurasa", ondoa, uweke "Ukubwa halisi". Jaribu tena, utapata ishirini yako.

Kuhusu chuo, mimi nikijua dawa imepimwa vibaya huwa sinyamazi, hata kama aliyekosea ni mimi. Aliyenifundisha hivyo unamjua vizuri. Mpigie mkuu wa chuo.

Mwanao

17 Machi

Kifungo,

Nimetoa ishirini kamili. Kinyozi amevaa, amemeza mate mara tatu mbele yangu kama ushahidi.

Mkuu wa chuo nimempigia. Nikamwambia asichape. Akasema, "Fundi, mara ya kwanza halifunguki, mara ya pili linapungua. Hebu nifikirie." Kufikiria kwake sikukupenda.

Lakini nikawaza: siwezi kwenda kusimama kando ya kila mashine ya kuchapa duniani. Nikarudi kwenye faili la kwanza, kila ukurasa wa patani nikachora pembeni mraba wa sentimita kumi, ndani nikaandika: "Pima hapa kwanza. Pasipotimia kumi, usikate." Mama yako aliposoma akasema maneno hayo angeyahitaji yeye kabla ya kukubali posa.

Nikaligeuza tena kuwa PDF, dakika tatu, mbili zikiwa za kutafuta miwani. Nimetuma. Sijajibiwa.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Tarehe yao imepita, na Mama kwenye simu ananiambia tu "muulize mwenyewe". Kama wamekataa, niambie. Sitacheka.

Mwanao

4 Aprili

Kifungo, mwanangu,

Nisamehe, nilikuwa naogopa kukuandikia kabla mambo hayajaiva. Tu wazima, wazima kabisa.

Jana mkuu aliniita chuoni. Nikavaa shati langu la harusi za watu. Nikakuta darasa, wanafunzi kumi na tisa, na mashine ya kuchapa juu ya meza. Mkuu akasema, "Tuone." Akachapa mwenyewe, bila kuniuliza kitu. Karatasi zikagawiwa.

Binti mmoja wa mbele akaweka tepu kwenye mraba. "Tisa na nusu," akasema. Darasa zima likapaza sauti: "Usikate!"

Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini mkuu alikuwa anacheka, Kifungo, anacheka mpaka amevua miwani. Akanigeukia: "Haya Fundi, tuonyeshe." Nikaweka "Ukubwa halisi", nikachapa upya. Binti akapima tena, akapaza sauti: "Kumi!"

Nikawaambia kateni.

Mikasi kumi na tisa ikaanza kwa pamoja. Muhula ujao ndicho kitabu chao, na somo lake nitafundisha mimi. Nilitakiwa kusema neno la shukrani. Nikainama, nikajifanya naokota pini sakafuni, na niliokota kwa muda mrefu sana.

Baba yako, mwalimu