Karatasi Isiyo na Kiapo

Malindi,
11 Juni 2024

Kwako baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekuonea huruma msimu huu wa mvua. Mimi sijambo. Kazi ya wodini ni ile ile, miguu inavimba na chai inapoa kabla sijainywa. Najua tangu Krismasi hupokei simu zangu, na simu ya nyumbani akiishika Kalume siwezi kusema neno lisisikike boma zima. Ndiyo maana nimeandika, na nimemwambia Musyoka wa bodaboda akutie barua hii mkononi.

Shangazi Sidi yuko kwangu. Alifika Jumamosi asubuhi na leso mbili na sufuria moja. Kalume na wenzake wamelibomoa paa lake, wakampa siku tatu aondoke, wakisema ndiye aliyemroga marehemu Pola, mtoto wa Kalume. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu, dadako wa tumbo moja, na Kalume mwenyewe ni mtoto wa marehemu kaka yenu ambaye shangazi alimlea kwa uji wake.

Anasema kabla ya kuondoka alibisha milango minne. Kila mlango alisikia watu ndani, na kila mlango ukanyamaza. Wa kwanza ulikuwa wako. Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu, lakini nakulaumu, baba, na kujifanya siwezi.

Majirani wananiuliza kama siogopi kulala chumba kimoja na mchawi. Nawaambia kinachonitisha ni kukoroma kwake. Mama mwenye nyumba, Chanchalben, amemletea kitanda cha kamba na hajauliza lolote.

Naomba uniambie kinachosemwa huko nyumbani.

Mwanao,
Janet


Sabaki,
20 Juni 2024

Mwanangu Janet,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na Musyoka nimempa mahindi mabichi kwa taabu yake. Sisi tuko salama kwa neema za Mungu, neno ambalo najua hulipendi siku hizi, lakini barua ni yangu.

Unasema unanilaumu. Haya. Wewe uko mjini, huna vijana kumi wenye mapanga uani. Mimi ni mzee wa kanisa na ndani nina wajukuu. Hayo tuyaache.

Kinachosemwa ni hiki. Pola aliugua siku nne. Siku ya tatu dadangu alimpelekea maji, na mtoto alipokiona kile kikombe alipiga kelele, akajikunja, akatokwa na mapovu. Watu wote walishuhudia. Kesho yake akafa. Kalume anasema mtoto alimwona mchawi wake kabla ya sisi wakubwa kumwona. Sasa anataka Sidi aje ale papai. Unaijua desturi hiyo. Mzee wa kiapo analisemea papai maneno yake, mshitakiwa anakula kipande, na mwenye hatia mdomo unavimba. Mimi sipendi mambo hayo, lakini dadangu hana hatia, kwa hiyo hautavimba. Ale, yaishe, arudi kwake.

Na kuna jambo limenikaa kooni tangu Krismasi. Nilikuambia utuombee chakula, nawe mbele ya wageni ukasema, "Baba, siwezi, siamini tena." Niliacha pilau mezani nikatoka. Sikuuliza siku ile, nauliza leo. Mtu asiyemcha Mungu amefungwa na kamba gani? Akiwa peke yake, haonekani na yeyote, ni nini kinachomzuia?

Ni mimi babako, ingawa uliniumiza.
Katana


Malindi,
26 Juni 2024

Kwako baba,

Shikamoo. Nashukuru umejibu, na nashukuru zaidi kwamba umeuliza. Shangazi hajambo, anakusalimu. Amegombana na muuza samaki wa mtaani na ameshinda, kwa hiyo ujue afya anayo.

Papai hatakula. Papai ambalo halijaiva lina utomvu, na utomvu unababua mdomo wa yeyote, mwizi au mtakatifu. Lakini tuseme limeiva na mdomo wake usivimbe. Tutashangilia, na papai litakuwa limepewa cheo. Mwakani litapelekwa kwa mzee mwingine, huyo mdomo utavimba, na sisi ndio tutakuwa tuliosema kwamba papai halikosei.

Sasa sikiliza jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani. Jumatatu ya Pasaka nilipokuja kuwasalimu, ingawa hukutoka chumbani, nilimwona Pola ana jeraha nyuma ya mguu, limewekwa tumbaku. Aliniambia mbwa asiye na mwenyewe alimng'ata njiani. Nilimwambia Kalume ampeleke hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Akasema ni mkwaruzo tu. Nikasisitiza mara moja, nikatazama saa, nikarudi kazini. Sikupiga simu kuuliza. Mtoto aliyeng'atwa na mbwa, baada ya wiki nane akaogopa maji, huyo hakurogwa. Kile ni kichaa cha mbwa, na kikishaonekana hakina dawa. Angeletewa maji na malaika angepiga kelele vile vile.

Niliposikia habari ya kikombe pale matangani nilielewa mara moja. Nikanyamaza. Niliona haya kumwambia mfiwa kwamba sindano zingemwokoa mwanawe. Nilidhani ni huruma, kumbe kimya changu ndicho kilichompa shangazi uchawi.

Umeuliza kamba. Wodini kuna saa ninabaki na mgonjwa asiyejitambua, mlango umefungwa. Nikimfunga kidonda bila kunawa mikono hakuna atakayejua. Nanawa. Sikumbuki jehanamu wala mbinguni. Nakumbuka kwamba kidonda ni chake na yeye ndiye atakayeumia. Maisha anayo haya tu, na mimi ninayo haya tu, na kwangu mimi hiyo inatosha kuwa kamba. Inakaza kweli kweli. Tangu Mei sijalala vizuri kwa sababu ya Pola, na sina wa kumwomba anisamehe isipokuwa wazazi wake.

Mwanao,
Janet


Sabaki,
8 Julai 2024

Mwanangu Janet,

Marahaba, na salamu za shangazi zimefika. Muuza samaki namhurumia.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa shambani peke yangu. Mbwa huyo namkumbuka. Alikuwa wa rangi ya udongo, alikuwa anatembea kama mlevi, akauawa kwa mawe karibu na zahanati. Hakuna aliyemuunganisha na mtoto.

Nimemwona chifu. Ameitisha baraza Jumamosi ya tarehe ishirini, na Kalume atakuwepo na mzee wake wa papai. Usije. Vijana wanasema ukikanyaga huku watakurudisha kwenye machela. Nao wameapa kwamba baraza likishindwa kumsafisha Sidi, watamfuata hata huko Malindi. Andika yote kwenye karatasi, nitasoma mimi.

Ila nakuomba kitu kimoja. Pale kila shahidi hushika Biblia au Msahafu ndipo aseme. Karatasi haina mikono. Kwa hiyo mwishoni andika maneno haya tu: Mungu ni shahidi wangu. Maneno manne. Huku wote wamesikia habari za Krismasi, na bila maneno hayo watasema karatasi ya mpagani ni ya kufungia karanga. Uhai wa shangazi yako uko hapo. Hata kama huyaamini, yaandike kwa ajili yake.

Babako,
Katana


Malindi,
13 Julai 2024

Kwako baba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Karatasi ndiyo hii, ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika siku, jeraha, tumbaku, nilichomwambia Kalume na alichonijibu. Nimeandika pia kwamba sikufuatilia na kwamba nilinyamaza matangani. Usiyaruke hayo unaposoma.

Maneno manne sikuyaandika. Nimekaa na kalamu siku mbili, shangazi akinitazama. Nikamsomea ombi lako, nikamwambia shingo ni yake, kwa hiyo aamue yeye. Unamjua, yeye haachi kusali asubuhi na jioni. Akasema, "Ukitia uongo mmoja humo, mwanangu, nitajuaje hayo mengine si uongo?" Basi nikatia sahihi.

Ni ya kweli yote, baba. Hicho ndicho nilicho nacho.

Mwanao,
Janet


Malindi,
27 Julai 2024

Kwako baba,

Shikamoo. Ni wiki nzima tangu baraza na sijasikia kitu. Simu yako imezimwa. Musyoka anasema mvua imeharibu njia. Shangazi amefunga leso zake tayari kwa safari na hasemi ni ya kwenda wapi. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni mbaya.

Mwanao,
Janet


Sabaki,
1 Agosti 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Nisamehe kukuweka roho juu. Simu ililowa maji, njia ilikatika, na nilikuwa na kazi ambayo nitakueleza. Kaa chini, na umwite dadangu umsomee kwa sauti.

Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Mezani palikuwa na Biblia, Msahafu na papai, vimepangwa sawa kana kwamba ni ndugu. Kalume alisema yake akiwa ameshika Biblia, akalia, na watu wakalia naye. Hata mimi. Kisha nikasoma karatasi yako yote, na pale ulipojishitaki mwenyewe sikuruka.

Nilipomaliza, chifu aliigeuza akauliza imeapishwa kwa nini. Nikasema haikuapishwa. Watu wakacheka. Kalume akasimama akasema mwandishi wake hana Mungu, hana mizimu, hana anachokiogopa, sasa neno lake litashikwa wapi? Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mzee wa kiapo akachukua kisu, akalivuta papai karibu. Mwanangu, nilikuwa nimeketi na goti linauma, na nikajiona tena nimesimama nyuma ya mlango wangu, namsikia dadangu anabisha. Sikuweza kukaa kimya mara ya pili.

Nikawaambia hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema:

"Krismasi binti huyu alijua akifumba macho na kusema amina, tutakula pilau yetu na nitaendelea kumpenda. Alijua akisema kweli atanikosa. Akasema kweli. Nimemnunia miezi saba. Lakini nawauliza, mtu aliyeshindwa kunidanganya mimi babake kwa neno moja la amina, atawadanganya ninyi kwa karatasi nzima? Mimi mcha Mungu nilimsikia dadangu akibisha nikazima taa. Yeye alifungua. Neno la nani lishikwe?"

Kisha Zipporah akainuka. Mke wa Kalume, ambaye tangu msiba hakuna aliyemsikia hata akikohoa. Hakushika kitabu chochote. Akasema mbwa alimuuma mwanawe, na yeye kwa mkono wake ndiye aliyeweka tumbaku, na Janet alisema hospitali, na wao hawakwenda. Akasema amechoka kubeba jambo hilo huku mwanamke mwingine akiadhibiwa kwa hilo. Wanawake wakamzunguka wakamshika.

Chifu akasema mficha maradhi kilio humuumbua, akamwamuru mzee wa kiapo aondoke na papai lake. Akatangaza kwamba Sidi hana kosa, na atakayemgusa atalala korokoroni. Makofi yalipigwa mpaka kuku wa jirani wakatoroka.

Kalume alitoka. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alikuja kwangu, akaniuliza zingekuwa sindano ngapi. Nikamshika mkono tukalia pamoja. Alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwa Sidi, akapanda juu na makuti mapya. Hiyo ndiyo kazi niliyokuambia. Yeye anafunga, mimi nampa kamba kutoka chini. Paa limekwisha jana.

Mlete dadangu nyumbani, na wewe uje. Mlango wangu utakuwa wazi kabla hamjafika. Nilikosa, kwake na kwako, na nasema bila kutafuta maneno mazuri.

Babako,
Katana


Sabaki,
29 Septemba 2024

Mwanangu Janet,

Natumaini u mzima na umefika kazini salama. Shangazi yako anasema ulisahau kitenge chako, nami namjua, amekificha ili urudi.

Uliondoka mapema jana, hukuona mwisho wa ile siku ya kuchanja mbwa. Mbwa waliochanjwa walifika mia moja na arobaini na wawili. Wengine waliletwa kwa kamba, wengine kwa toroli, mmoja amefungwa leso kama mtoto. Kalume alishika kila mbwa kichwa mpaka jioni, mikono imejaa mikwaruzo, na hakukubali kupokewa. Zipporah aliandika majina ya wenye mbwa. Daktari wa mifugo akauliza ni nani aliyeshughulika mpaka chanjo zikaletwa bure, na dadangu akajibu kabla yangu kwamba ni wewe, mtoto wake. Sikubishana naye.

Leo kanisani mchungaji alitupa muda kila mtu aombe kimoyomoyo. Tangu Krismasi, nikifika kwenye jina lako, huwa naomba jambo moja tu, kwamba urudishwe ulivyokuwa. Leo nimefika hapo nikakuta sina ombi. Nilishukuru tu kwamba uko hivyo ulivyo, nikapita kwa jina linalofuata.

Najua wewe huamini kwamba kuna aliyenisikia. Basi nimeona nikwambie wewe mwenyewe.

Babako,
Katana