Pia ya Kuchapwa kwa Kamba

Mjukuu wangu Neema,

Babu yako bado anakohoa hapa Ladywood. Mimi nimechoka, hata redio ikitangaza vita vya Iraki siibishii tena.

Unaogopa kuchekwa ukipeleka mchezo wetu wa pia kwenye sherehe ya Hanuka ya watoto huko London. Nikiwa mdogo Nakuru, majirani zetu Wayahudi walinialika kwenye Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa. Wao walizungusha pia zao mezani, taratibu, kwa vidole. Mimi nikaichapa yangu kwa kamba, kama tulivyozoea nyumbani, ikaruka ikamwaga maandazi yote. Watoto wakanicheka. Bibi yao akasimama.

“Leta hiyo kamba,” akaniambia. “Na mimi nijaribu.”

Sote tukaigombania kamba mpaka mishumaa ikaisha.

Chonga pia yako, mama, uipake rangi. Ubebe kamba za kutosha.

Nyanya yako