Wingu Lisilo na Nyota

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na ombi langu ni barua hii ikukute mzima kuliko mimi: goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi, na miwani mipya imekubali kukaa puani. Kaka ameniambia umeisahau mara mbili ndani ya jokofu. Msalimie yeye na wifi, na huyo mtoto wao ambaye hadi leo namjua kwa picha tu.

Umenilalamikia kwamba siku hizi nikipiga simu najibu kwa mkato kama karani mwenye foleni ndefu. Una haki. Nilikuwa na mambo ambayo simu haiyatoshi. Nimeona niyaandike, uyasome taratibu, na ukifika mwisho uamue mwenyewe la kunifanya.

Kazi yangu unaijua, lakini upande wake wa makaratasi hujaujua. Watu wakisikia nachunguza galaksi wanadhani nashinda nimeinua shingo. Ukweli ni kwamba katika miaka sita hii nimetazama fomu kuliko mbingu. Ukitaka kupima kitu, kwanza uandike andiko la kuomba ruzuku: unataka kujua nini, kwa nini, kwa kifaa gani, mwezi gani utafanya nini, na ukishindwa itakuwaje. Watathmini usiowajua wanalisoma na kukurudishia maneno. Mara tatu nilirudishiwa. Mmoja aliandika kwamba wazo ni zuri ila mwombaji hajaonyesha kama analiweza. Mwingine aliuliza mtu mwenye njaa anafaidika nini na hewa iliyoko huko juu. Swali hilo nilitembea nalo wiki nzima kama kokoto kwenye kiatu.

Dishi letu lilikuwa la kampuni ya simu. Nyaya za ardhini zilipokuja likaachwa, ndege wakalifanya kwao. Ni kubwa, Mama. Ukisimama chini yake unaona mbingu imepungua. Kwa pesa kidogo za idara tulilisafisha na kuliundia kipokezi kipya, mimi na fundi mitambo wetu, yule mrefu tunayemwita Mlingoti. Tukaanza kusikiliza haidrojeni.

Haidrojeni ni hewa nyepesi kuliko zote, ile ile iliyomo ndani ya maji unayokunywa. Inatoa mvumo mwembamba sana wa redio kwenye stesheni moja tu, na stesheni hiyo ni moja ulimwengu mzima. Galaksi ikiwa inatukimbia, mvumo wake unashuka kidogo, kama honi ya lori likishakupita. Na ni dhaifu kupita maelezo. Simu yako hiyo ndogo, ingekuwa mwezini, kwa dishi letu ingekuwa mtu anayepiga kelele mlangoni. Sisi tunatafuta mnong'ono wa mtu aliye nyuma ya milima.

Mwaka jana, pembeni mwa galaksi moja ya mbali, tuliona kinundu kwenye mchoro wa mvumo ambao kompyuta hutuchorea. Mahali hapo hapana nyota hata moja. Tukasema tumepata wingu la hewa tupu lisilozaa nyota bado, kitu ambacho wataalamu wanakitafuta kwa hamu. Nilikipima mara nne. Gazeti likaandika, wewe ukalikata ukalibandika ukutani karibu na kalenda, na Mjomba akawatangazia watu wa mtaa mzima kwamba mpwa wake amegundua wingu. Kwa kinundu hicho niliandika andiko la nne, na likapita: miaka miwili ya kazi, mshahara wa Mlingoti humo humo. Siku ile ulipiga vigelegele kwenye simu hadi nikaiweka mbali na sikio.

Sasa sikiliza. Wiki mbili baada ya barua ya ruzuku kufika, kiyoyozi cha chumba cha mitambo kiliharibika. Mlingoti alikitoa ukutani akakipeleka kutengenezwa, nasi tukaendelea kupima alasiri ile chumba kikiwa kama tanuri. Nikafungua mchoro. Kinundu hakikuwepo. Kwanza niliwaza ya kijinga, kwamba wingu limeondoka, kama vile kitu kikubwa kuliko jua mara milioni kinaweza kutoka kwenda dukani. Kisha nikakumbuka kwamba vipimo vyangu vyote vya kuhakikisha, vile vya kuelekeza dishi mahali patupu, nilivifanya asubuhi na mapema, chumba kikiwa na ubaridi na kiyoyozi kimezimwa. Galaksi yenyewe na pembeni mwake tulipima alasiri, kwenye joto, kiyoyozi kikinguruma. Kiyoyozi kiliporudi tukakiwasha, kinundu kikarudi. Tukakizima, kikazima nacho. Mlingoti akatoka nje.

Mama, lile wingu lilikuwa mvumo wa ubao wa umeme ndani ya kiyoyozi.

Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Ingepita miaka kabla ya mtu mwingine kulipima eneo lile. Nilikwenda kwa mkuu wa idara, mzee mwenye roho nzuri ambaye amenitetea tangu nikiwa mwanafunzi. Alifunga mlango, akanisikiliza hadi mwisho, akanishauri nisiwe na haraka. Alisema kila utafiti una makosa yake, kwamba niyataje kwa lugha laini kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, tukiwa tayari na matokeo mengine mkononi.

"Mradi ndio kwanza unapumua," akaniambia, "na wewe unataka kuuziba pua."

Sikumwona mbaya. Alikuwa anawahesabu watu ambao wangekosa kazi. Siku tatu nilizunguka na maneno yake, na nusu yangu ilikuwa upande wake. Kilichonishinda ni kitu kidogo. Kila nikifungua andiko langu, niliona sentensi isemayo tumegundua, na macho yalikataa kuipita. Siku ya nne nilimwita Mlingoti nikamweleza kwamba nikiandika barua kwa mfuko wa utafiti uliotupa ruzuku, mshahara wake unaweza kusimama mwezi huo huo, naye ana watoto watatu shuleni. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Aliendelea kuifuta muda mrefu ingawa ilikwisha kuwa safi.

"Andika," akasema. "Mimi nilikifunga kile kiyoyozi. Sitaki kuitwa shujaa wa kiyoyozi."

Nikaandika. Baada ya siku mbili nikapigiwa na mratibu wa ruzuku, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, kila neno limekunjwa kama shuka. Hakunigombeza. Aliuliza nimelijua jambo hili lini, nani mwingine analijua, na kama gazeti limekwisha kuarifiwa. Akaniambia ruzuku inasimamishwa kwa wiki kumi. Katika muda huo nipime upya kila kitu, na nipitie andiko langu lote, mstari kwa mstari, nihakikishe kila kilichoandikwa humo ni kweli. Akasisitiza neno kila.

Wiki hizo ndizo nilizokuwa nakujibu kwa mkato. Mkataba wa Mlingoti ulikatika. Wiki tatu za mwanzo alikuja bila malipo, akahamisha vifaa, akafunga kipokezi ndani ya sanduku la bati lisilopitisha hata pumzi. Kisha akapata kazi ya kutunza lifti kwenye majengo ya mjini, na sikuwa na ulimi wa kumzuia. Nikabaki peke yangu na feni, na taulo begani kama bondia. Kila mchana nilielekeza dishi kwenye galaksi ile ile na kukusanya. Mnong'ono mmoja haupatikani kwa kusikiliza mara moja. Unarundika saa juu ya saa, kelele zinajifuta zenyewe kwa zenyewe, na kilicho cha kweli kinabaki. Sikutarajia kitu. Nilitaka tu kupeleka mchoro mtupu ulio msafi, nikubali hukumu.

Nilipofikisha saa mia tatu nilizijumlisha zote. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, na Mlingoti alikuwa amepita kunisalimu, bado amevaa sare yake mpya. Mchoro ulijichora polepole kutoka kushoto. Mstari ulikuja bapa, bapa, bapa, ukapanda. Ukafanya pembe moja, ukabonyea katikati, ukafanya pembe ya pili, ukashuka, ukaendelea bapa hadi mwisho. Tuliuzima umeme wa kila kitu kisichohitajika, tukaelekeza pembeni, pembe zikapotea. Tukarudi kwenye galaksi, tukakusanya tena siku zilizofuata, nazo zikaota tena pale pale.

Wingu halikuwepo. Lakini galaksi yenyewe ilikuwepo, hewa yake yote, na kelele za kiyoyozi ndizo zilizokuwa zimeifunika muda wote ule. Na zile pembe mbili, Mama, ngoja nikueleze, maana mimi bado sijazoea. Pembe moja ni upande wa galaksi unaotukimbia kwa kasi zaidi, ya pili ni upande unaokimbia kwa kasi ndogo. Maana yake inazunguka. Kitu ambacho ukikitafuta kwa darubini ni doa tu, nilikiona kikigeuka, kama gurudumu, mbele ya macho yangu, katika chumba chenye feni na vikombe visivyooshwa. Mawimbi yale yaliondoka huko wakati hakuna mnyama hata mmoja aliyewahi kukanyaga nchi kavu. Dunia nzima ya nchi kavu ilikuwa mawe na upepo. Yalisafiri wakati samaki wanaota miguu, wakati milima inainuka na kusagika, wakati wewe unazaliwa na mimi nazaliwa, yasigonge kitu, na yakaishia kwenye dishi la kampuni ya simu. Yangechelewa kidogo yangenikuta nimekufa. Na yalikuwa yanasema haidrojeni, neno lile lile ambalo maji ya kwenye glasi yangu yangelisema.

Mlingoti alivua kofia ya kazi. Nadhani hakujua kwamba ameivua. Akaniuliza kwa sauti ya chini inachukua muda gani kuzunguka mara moja. Nikamwambia miaka milioni mia mbili au zaidi. Akatikisa kichwa, akasema bosi wake wa lifti anamgombeza kwa dakika tano.

Yule mtathmini aliyeuliza mwenye njaa anafaidika nini, bado sina jibu lake. Ninachojua ni kwamba siku ile nilisahau kula hadi kesho yake, wala sisemi hilo ndilo jibu.

Mfuko umeamua. Miaka miwili imekuwa mmoja, na nafasi ya fundi imekuwa ya nusu siku, kwa hiyo Mlingoti amebaki na lifti zake na sasa namfundisha mwingine. Gazeti liliandika masahihisho, mistari minne chini ya tangazo la matairi. Kile kipande cha ukutani ukitaka kukibandua, kibandue, na Mjomba mwambie taratibu.

Nimefika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Mratibu alisema kila mstari, nami nikapitia kila mstari. Ukurasa wa nne wa andiko kuna sehemu ya historia ya mwombaji. Pale nimeandika kwamba nililelewa na mama ambaye ni mhandisi wa mawasiliano. Niliiandika sentensi hiyo kwenye andiko la kwanza, miaka sita iliyopita, nikainakili kwenye la pili, la tatu na la nne. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyeniomba hata niitaje kazi yako. Niliiweka kwa sababu niliona kiti chako chini ya ngazi za duka la vitambaa, na kopo la risasi ya kuchomelea, na redio za watu zimefungwa kamba zikingoja zamu, nikaona havitapendeza machoni pa watathmini. Na si mara ya kwanza. Shuleni nilisema unafanya kazi ofisini. Siku ulipokuja kuniletea daftari la mtihani, umevaa aproni yenye matundu ya moto, nilikuona kutoka dirishani, nikatoka kwa geti la nyuma. Miaka yote hii sijui kama uliniona. Nadhani uliniona.

Nimeisahihisha. Nimeandika hivi: Mama yangu ni fundi redio. Aliniweka mapajani nikiwa na miaka mitano akanifundisha kujua kelele inayotoka ndani ya redio na ile inayotoka nje. Nikaipeleka pamoja na mengine. Mratibu alirudisha nakala, na pembeni ya mstari huo ameandika kwa kalamu kwamba marekebisho hayo hayabadilishi tathmini, na kwamba jopo zima limeyasoma.

La kiyoyozi nilimwambia mtu baki kwanza, nikalala. Hili lako limenikosesha usingizi hadi leo, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia. Nisamehe, Mama. Sitaki ujibu haraka. Ukiwa na hasira, kuwa nazo, ni haki yako. Lakini mwezi ujao barabara ya kuja huku itakuwa kavu, na Kaka amekubali kukuleta. Nataka uingie kwenye kile chumba cha mitambo, nikuvalishe vipokea sauti vya masikioni, ukae kwenye kiti changu, usikilize mwenyewe. Mengi utakayosikia ni kelele zetu wenyewe. Nitakuonyesha ni wapi zinaishia.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie pia. Majirani, Mjomba hata akinuna, na mtoto mbusu kwa niaba yangu kwenye kile kishimo cha shavu. Tunza goti.

Ni mimi mwanao, binti wa fundi redio,

Kidadisi