Kebo Nyeupe Chini ya Tumbo la Ndege

3 Februari

Baba, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Nasikia tangu uanguke kule juu ya paa unagombana na magongo, na magongo yanashinda. Mimi mzima, ila mikono inanuka risasi ya kulehemu hata nikiwa nakula. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya karakana iko mezani kwa Bosi, na masikio yake hayalali.

Nina jambo. Kuna ndege ndogo hapa, ya injini moja, ya rubani tunayemwita Kapteni Miwani. Redio yake ilikuwa inakwaruza, Bosi akaniambia nibadilishe kebo ya antena. Kebo ya ndege iliagizwa, haijafika. Akanipa ile nyeupe ya televisheni. Antena yenyewe ilitakiwa kukaa juu, mgongoni mwa ndege. Akasema niiweke chini ya tumbo, katikati ya magurudumu, maana pale tundu lipo tayari. "Unataka kutoboa ndege ya watu kama chujio?" Nikafunga.

Sasa anataka nitie saini kwenye daftari la ndege kwamba kazi ni sawa na kebo ndiyo yenyewe. Nisipotia, hatanisainia kitabu changu cha mafunzo. Bila saini zake miaka mitatu niliyokaa hapa ni bure, leseni ya ufundi siipati ng'o. Imebaki miezi minne. Nifanyeje?

Mwanao, kifungua mimba wako

20 Februari

Marahaba, mwanangu.

Mguu upo, haujanikimbia. Mama yako anakusalimu, anasema kwenye picha uliyotuma umebaki shingo tupu, ule vizuri.

Barua yako imenichekesha. Miaka thelathini nimefunga antena za televisheni kwa kebo nyeupe hiyo hiyo, na hakuna aliyekufa akitazama taarifa ya habari. Kebo ni kebo: shaba katikati, plastiki, wavu, ganda la nje, basi. Huyo Bosi hakuanza kazi jana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tia saini umalize. Mimi juu ya paa sipandi tena, na wadogo zako wote wanakutazama wewe.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini mguu umepoa na Mama hajambo.

Nimetia saini. Usicheke tena, nakuomba.

Juu ya paa kebo ikiharibika, watu wanaona chenga kwenye kioo, wanakuita, unapanda. Hapa nani atapanda? Kebo ile nimeipitisha karibu na bomba la moshi la injini, hakuna njia nyingine ya kufika tumboni. Kebo ya ndege inavumilia joto. Hii nyeupe sijui. Na antena ilivyokaa, kila Kapteni akikata kona, mguu wa gurudumu unaingia kati yake na mnara wa kuongozea ndege. Sauti inakatika, halafu inarudi. Amelalamika mara mbili. Bosi akamwambia, "Nawe safisha masikio." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilijichukia, Baba.

Kila asubuhi akiruka nasimama mlangoni na spana mkononi nikijifanya nina kazi, mpaka nisikie mnara unamjibu. Nikisema, nimejifunga mwenyewe, maana saini ni yangu. Nikinyamaza, hivyo hivyo nimefungwa. Bosi anajua. Siku hizi ananiita "mwenzangu". Nimekalia kuti kavu na sioni pa kushukia.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na aibu.

Nilikata kipande cha kebo nyeupe kilichobaki kwenye sanduku langu, nikakikunja, nikakiweka karibu na jiko. Sikukigusisha, karibu tu. Baada ya muda plastiki ililainika kama ugali wa moto, na ule uzi wa shaba wa katikati ukazama taratibu mpaka ukagusa wavu. Mama yako akauliza ninapika nini. Hapo redio imekufa, mwanangu. Haikwaruzi wala nini, imekufa.

Na jambo jingine. Niliwaambia nyote kwamba niliteleza kwa mvua. Uongo. Ngazi ilikuwa imelegea mguu mmoja, niliijua tangu asubuhi, nikaona haya kumwambia mwenye nyumba nitarudi kesho. Mtu wa hivyo ndiye aliyekushauri utie saini.

Ikate hiyo kebo. Leo hii, kwa koleo, kisha andika daftarini kwamba umeikata wewe. Leseni iende zake. Nisamehe.

Baba yako

6 Aprili

Baba, shikamoo, na Mama pia.

Barua yako imefika leo mchana. Kapteni Miwani aliumia juzi.

Alikuwa anarudi. Kulikuwa na ndege nyingine imesimama kwenye njia ya kutua, mnara ukamwita apande tena. Nilisikia kwenye redio ya karakana. Walimwita mara sita. Alishuka vilevile, akaiona dakika ya mwisho, akakwepa, bawa likachimba ardhi. Yuko hai. Wamemkata mguu wa kulia. Nilipofungua sakafu ya ndege niliikuta kebo imelainika palepale kwenye bomba, kama ulivyosema.

Jioni ile ile Bosi aliniletea kitabu changu. Amesaini kila ukurasa, miaka mitatu yote, hata ile miezi isiyofika. Akanipa na mkono. Akasema mkaguzi atakuja, na kebo haikuwa na tatizo, Kapteni alikuwa mzembe tu. Nilikipokea, Baba. Mkono wangu ulinyooka wenyewe.

Kimekaa kitandani tangu juzi. Nimekuwa nikikifungua na kukifunga. Sijawahi kuona kitu kizuri kama zile saini.

Mkaguzi amefika leo asubuhi, mimi ananiita kesho saa tatu. Nitampa kitabu, na kipande cha kebo nilichokificha chini ya godoro, na nitamwambia ni mimi niliyefunga. Wakinizuia hapa, msinifuate. Ukipata nafuu uende hospitali kwa Kapteni, mwonyeshe hayo magongo yanavyotumika. Mimi sina uso wa kwenda.

Mwanao